Kipimajoto cha bastola na sufuria inayong'aa

Wengi huamini kipimajoto cha bastola, kile kinachopima bila kugusa, husoma joto halisi la chochote kinacholengwa, na kwamba nukta nyekundu ndiyo inayopima. Nukta ni ya kulengea tu. Kinachopimwa ni mionzi ya joto kutoka kwenye uso wa kitu, na vifaa vingi huchukulia kiwango cha utoaji (jinsi uso unavyotoa mionzi hiyo vizuri, 1 ikiwa kikomo) cha 0.95, kinachofaa ngozi au mbao. Alumini iliyosuguliwa vizuri iko karibu 0.1 au chini. Mionzi mingi unayosoma hapo imeakisiwa kutoka darini na mwilini mwako.

Jaribu hivi: bandika utepe mweusi wa umeme ubavuni, kwa nje, mwa sufuria kavu ya alumini inayong'aa, mimina ndani maji yaliyochemka hadi yapite usawa wa utepe, subiri dakika 1. Pima kwa karibu. Utepe huenda ukazidi nyuzi 80, alumini tupu kando yake mara nyingi isifike 50. Ukisoma kwa mbali, kifaa huchanganya vyote viwili.