Mwanao anaishi wapi? Hojaji ya wazee wa China na walioiandika

Ukitaka kujua kama utafiti wa pamoja ulifanyika kweli au ulikuwa wa kupigia picha, omba uone hojaji. Hati ya makubaliano haitakwambia kitu, zote zinafanana. Hojaji ndiyo inayoonyesha nani alibishana na nani, na swali lipi lililetwa kutoka nje likakataliwa mlangoni. Kazi yangu ni takwimu za uzee, na faili ninalolifungua mara nyingi kuliko yote ni la CHARLS, utafiti wa afya na kustaafu wa China unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Peking. Ndio ushirikiano wa China na nje ninaoufahamu vizuri, kwa hiyo nitaueleza huo.

Historia kidogo kwanza, maana wengi hudhani Wachina walianza kuchunguzwa na wageni na wakaishia hapo. Mwaka 1936 kijana aitwaye Fei Xiaotong alikaa katika kijiji cha Kaixiangong, mkoa wa Jiangsu, akiandika jinsi watu wanavyolima, wanavyofuga viwavi wa hariri na wanavyokopeshana. Kisha akaenda London kusoma kwa mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski. Mwalimu huyohuyo, miaka hiyohiyo, alikuwa na mwanafunzi mwingine aitwaye Jomo Kenyatta. Kitabu cha Kenyatta kuhusu Wagikuyu kilitoka 1938, cha Fei kuhusu kijiji kile kikatoka 1939, na vyote viwili vina utangulizi wa Malinowski. Watu wawili waliokwenda ughaibuni kuandika habari za kwao wenyewe. Mmoja akawa rais wa nchi. Mwingine alishuhudia somo lake, sosholojia, likifutwa katika vyuo vya China mwaka 1952, akabandikwa jina la mtu wa mrengo wa kulia mwaka 1957, na akaitwa tena mwaka 1979 kulifufua.

Kulifufua hakukuwa kazi ndogo. Kizazi kizima hakikuwa kimefundishwa. Walimu wakaja kutoka Marekani na Hong Kong kuendesha kozi fupi, na aliyebeba mzigo mkubwa wa kuzipanga alikuwa C. K. Yang wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, naye mwenyewe mzaliwa wa China. Kabla ya hapo watafiti wa Magharibi walikuwa wakikaa Hong Kong, kwenye kituo kilichofunguliwa mwaka 1963, wakiwahoji watu waliotoka China bara. Yaani unaandika habari za kijiji ambacho hujawahi kukikanyaga, kwa kumsikiliza aliyekihama. Kazi nzuri zilitoka kwa njia hiyo, sikatai, ila aliyehama ana sababu zake. Mwaka 1987 wilaya moja ya Shandong, Zouping, ilifunguliwa rasmi kwa watafiti wa Kimarekani, na hapo mlango ukaanza kuonekana mlango.

Sasa CHARLS. Marekani wana utafiti wao mkubwa wa watu wazima na wazee, HRS, ulioanza mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Michigan. Uingereza wakautolea ndugu yake, Ulaya bara wakafuata, kisha Korea, Japani na India. Wazo ni kwamba nchi zote ziulize mambo yanayofanana ili ziweze kulinganishwa. Kwa China, aliyeongoza ni Profesa Zhao Yaohui akiwa Beijing, pamoja na John Strauss na Albert Park kutoka vyuo vya nje. Fedha zilitoka Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani, mfuko wa sayansi wa China na Benki ya Dunia. Walianza na majaribio mwaka 2008 katika mikoa miwili iliyo mbali kwa kila hali: Gansu, bara kame na maskini, na Zhejiang, pwani yenye pesa. Mzunguko wa kwanza wa kitaifa ulifanyika 2011, ukafikia watu wapatao 17,700 katika kaya zaidi ya 10,200, kwenye vijiji na mitaa 450.

Zingatia hapo: fedha za nje zilikuwepo, na bado mtafiti mkuu aliketi nchini. Sisi huku tumezoea kinyume chake, mkuu yuko Ulaya, huku kwetu kuna wakusanyaji.

Tazama hojaji yenyewe. HRS huanzia miaka 50 na kitu. Wachina wakashusha hadi 45. Kwa miongo mingi mwanamke wa kiwandani China alistaafu akiwa na 50, wa ofisini 55, mwanamume 60 (kuanzia Januari 2025 umri huo unapandishwa kidogokidogo). Ukianzia 50 utamkuta yule wa kiwandani ameshakaa nyumbani, na hutajua aliingiaje huko. Halafu swali lenyewe la "umestaafu?" linamhusu nani? Mkulima wa Gansu hana barua ya kustaafu. Analima mpaka magoti yakatae. Kwa hiyo kazi ya shamba la mtu mwenyewe, kibarua cha shambani na ajira ya mshahara vilipewa maswali tofauti.

Kuna na hukou, usajili wa makazi uliowekwa kisheria mwaka 1958, ambao kwa miongo mingi ulimgawa mtu kuwa wa kilimo au asiye wa kilimo. Mtu anaweza kuishi Shenzhen miaka ishirini na karatasi zake zikabaki kijijini Sichuan, na kwa muda mrefu karatasi hizo ndizo zilizoamua bima yake ya afya na pensheni yake. Katika hojaji ya Michigan hakuna hata mahali pa kuligusa jambo hili. Ukiliacha, kila jedwali la afya ya wazee wa China linakwenda kombo.

Lakini sehemu ninayowaonyesha wanafunzi kila mwaka ni ya watoto. Kwa muda mrefu mjadala kuhusu wazee wa China ulikuwa wa kilio: familia imevunjika, wana wamekimbilia mijini, mzee amebaki peke yake. Kipimo kilikuwa chepesi: je, mzee anaishi na mtoto wake chini ya paa moja? CHARLS ikaenda mbali zaidi. Ikamchukua kila mtoto mmojammoja, ikauliza yeye hasa anaishi wapi: nyumba hiihii, mtaa huuhuu, wilaya hii, au mbali. Majibu yalipochambuliwa, asilimia 41 ya watu wa miaka 60 na zaidi walikuwa wanaishi na mtoto mtu mzima. Ungeishia hapo ungesema kilio ni cha kweli. Ila asilimia 34 nyingine walikuwa na mtoto katika mtaa uleule au kijiji kilekile, na 14 wengine katika wilaya ileile. Wenye watoto ambao hata mmoja hayupo wilayani walikuwa asilimia 5 tu. Mtoto amehamia nyumba ya pili, analeta supu jioni, na kila mmoja ana ufunguo wake. Yeyote aliyekulia kwenye boma au uwanja wa ukoo analielewa hilo bila jedwali, lakini anayepanga sera anataka jedwali.

Kuwapata wahojiwa nako kulikuwa na shughuli yake. Orodha za kijiji hazikuaminika, kwani waliosajiliwa hawapo na waliopo hawakusajiliwa. Timu ikachukua picha za Google Earth, ikatengeneza ramani ya kila eneo, na watu wakatembea jengo kwa jengo wakiandika kila makazi, pamoja na zile nyumba tupu zilizofungwa kwa kufuli. Vijijini asilimia 94 ya waliofikiwa walikubali kuhojiwa. Mijini, 69. Aliyewahi kugonga mageti ya Masaki au Runda akiwa na karatasi mkononi hatashangaa.

Walipima pia presha, uzito na nguvu za mkono, na wakachukua damu. Damu hiyo haikupanda ndege kwenda Marekani. Ilihifadhiwa Beijing na kupimwa hukohuko China, na China ilikuwa na masharti juu ya sampuli za kibayolojia tangu 1998, yakakazwa zaidi kwa kanuni za 2019. Naona ni sawa kabisa. Kilichotolewa kwa dunia ni takwimu zenyewe, majina ya watu na vijiji yakiwa yameondolewa, bure kwa anayejisajili na kueleza anataka kuzifanyia nini.

Nisipambe mambo. Kwa kanuni za 2004 mgeni haruhusiwi kuendesha mwenyewe uchunguzi wa kijamii China. Lazima apitie taasisi ya ndani yenye leseni, na mradi uidhinishwe. Msomaji wa Tanzania anayezijua foleni za kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ataona si jambo geni, ingawa Tanzania mgeni akishapata kibali anaweza kuingia kijijini na hojaji yake mwenyewe. Mwaka 2020 Marekani ilifuta programu ya Fulbright, ya kubadilishana wasomi, kwa China na Hong Kong. Mwaka 2021 zikaja sheria mbili za China, ya usalama wa data na ya taarifa binafsi. Mwaka 2023 CNKI, maktaba kubwa ya mtandaoni ya Kichina, ikawafungia wasomaji wa nje baadhi ya hazina zake, zikiwemo tasnifu na vitabu vya takwimu vya mwaka. Anayeumia kwanza ni mwanafunzi wa uzamivu asiye na rafiki Beijing wa kumtumia faili. Profesa mwenye wenzake wa miaka thelathini atapiga simu tu.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuanza, jisajili kwenye tovuti ya CHARLS, lakini usikimbilie faili la data. Pakua hojaji ya 2011 na uisome yote, ukiwa na ya HRS pembeni. Tumia uzito wa sampuli, yaani namba zinazosawazisha waliohojiwa kwa wingi na waliohojiwa kwa uchache, la sivyo vijiji vitaonekana vikubwa kuliko vilivyo. Ukikutana na alama za kumbukumbu na hesabu, zile za kukumbuka maneno kumi na kutoa saba kutoka mia, usiseme wanawake wa China wamedhoofika akili kabla hujaingiza miaka ya shule, kwani wengi wao vijijini hawakupelekwa. Na kama unataka kulinganisha na Afrika, Agincourt nchini Afrika Kusini wanao utafiti wa ukoo huohuo, HAALSI, na Kenya wa kwao unaandaliwa na Chuo Kikuu cha Aga Khan pamoja na Michigan. Nikiupata huo wa Kenya, nitafungua kwanza ukurasa wa watoto.