Je, wajua kwa nini gundi ya tepu haitoki kwenye wembe kwa maji?

Wanaonoa wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wenye mpini unaofunguka, wengi huuvalisha tepu mgongoni kabla ya kuulaza kwenye kinoo. Mgongo na makali hugusa jiwe kwa pamoja, hivyo bila tepu mgongo nao hulika. Shida huja tepu ikibanduliwa: chuma kinanata. Unaosha kwa maji na sabuni, bado kinanata. Unasugua kwa kidole, gundi inajiviringa na kuhamia pengine.

Gundi ya mbao hukauka ikawa ngumu. Ya tepu haikauki, na imekusudiwa hivyo. Hubaki laini ili ikigandamizwa itambae taratibu hadi ndani ya mikwaruzo ya chuma isiyoonekana kwa macho. Mara nyingi ni mchanganyiko wa mpira na utomvu wa kunatisha, na hivyo vyote haviivani na maji. Maji huyeyusha vitu vya jamii yake, kama chumvi. Mpira na utomvu ni jamii ya mafuta.

Tepu iliyokaa muda mrefu ndiyo mbaya zaidi. Ile ya mafundi umeme ni plastiki ya PVC iliyotiwa vilainishi ili ivutike. Vilainishi hivyo havitulii: siku zinavyopita huhama kutoka kwenye plastiki na kuingia kwenye gundi, nayo ikawa rojorojo. Plastiki ikibanduliwa, rojo lote linabaki kwenye wembe. Kwa hiyo ibandue mara tu unapomaliza kunoa.

Dawa ya kwanza ni mafuta, na subira. Paka, kisha uache kama robo saa. Mafuta hupenya katikati ya nyuzi ndefu za mpira, huzivimbisha, nazo huachia chuma zenyewe. Wengi hukosea hapa: hupaka na kufuta papo hapo, wakasema mafuta hayafai. Mafuta mepesi ya mashine au ya watoto yanatosha. Ya kupikia pia hulainisha gundi, lakini yakisahaulika kwenye chuma hushikana na hewa na kugeuka utando mwingine unaonata.

Ikibaki kidogo, tumia spiriti kwenye pamba, mbali na moto. Hapo tazama mpini kwanza. Spiriti huharibu vanishi za baadhi ya mipini ya mbao. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, ni kali zaidi: mipini mingi ya zamani ni ya seluloidi, aina ya plastiki ya kale, na seluloidi huyeyuka ndani ya asetoni. Mimi siileti kabisa karibu na wembe wa zamani.

Usikwangue kwa kisu, wala usipitishe moto. Makali yaliyonolewa vizuri ni membamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Kuguswa kidogo na chuma kingine yanapinda au kumeguka. Nayo kwa wembamba huo hupata joto upesi mno, na chuma cha wembe kikipita nyuzi joto 200 hivi za Selsiasi huanza kupoteza ugumu wake. Hakitashika makali tena kama zamani.

Namna ya kufuta ni hii: laza wembe bapa mezani, weka kitambaa mgongoni, vuta kuelekea makali hadi kitoke nje. Usiende kinyume, na kamwe usifute kwa kufuata urefu wa makali. Hapo ndipo vidole hukatika.

Mwisho osha mafuta kwa sabuni, maana yakibaki yatahamia kwenye mkanda wa ngozi wa kunolea. Kausha mara moja, hasa pale kwenye pini panapoungana wembe na mpini. Maji hujificha humo, na kutu ya hapo huonekana ikiwa imeshakula chuma. Acha wembe wazi mpaka pakauke kabisa, ndipo uukunje.