Kutumia tena ni nini? Dhana iliyomo ndani ya debe na gorogoro

Mnunuzi wa mahindi katika masoko ya Nairobi, awe Gikomba au Kangemi, hupimiwa kwa gorogoro, naye haulizi ni kilo ngapi kwa sababu kila mtu anajua kwamba ni takriban mbili. Kipimo hicho hakikubuniwa na afisi yoyote. Ni mkebe wa bati uliotoka kiwandani ukiwa umejaa mafuta ya kupikia, mafuta yakaisha jikoni kwa mtu, mkebe ukaoshwa na kupelekwa sokoni kuanza kazi ya pili ambayo imedumu kuliko ile ya kwanza. Huo ndio mfano wa karibu zaidi ninaoweza kuutoa wa dhana inayotajwa sana siku hizi panapozungumziwa mazingira, yaani kutumia tena.

Kutumia tena ni kukipa kitu kilichomaliza kazi yake kazi nyingine huku kikibaki na umbo lake, au kikiwa kimebadilishwa kwa mikono na vyombo vidogo tu, kama vile kisu, makasi, nyundo au sindano. Kinachohifadhiwa hapo ni zaidi ya bati au kitambaa chenyewe, kwa kuwa jasho, moto na mashine zilizolifanya bati kuwa mkebe zinahifadhiwa pamoja nalo. Urejelezaji, ambao wengi nchini Kenya huuita kuchakata upya, ni jambo jingine. Katika urejelezaji kitu huvunjwa, husagwa au huyeyushwa hadi kirudi kuwa mali ghafi, kisha mali ghafi hiyo hufinyangwa upya. Mkebe unaogeuzwa kuwa gorogoro umetumiwa tena. Mkebe unaotupwa ndani ya tanuri ili uwe nondo umerejelezwa. Watu huyachanganya maneno haya mawili kana kwamba ni pacha, lakini sivyo, na tofauti yake huonekana hasa katika gharama.

Chukua chupa ya soda ya kioo. Mnywaji wa Nairobi anajua kwamba chupa hiyo si mali yake, kwa maana ama hunywa soda yake akiwa amesimama pale dukani, ama huacha pesa za chupa na kuzidai siku atakapoirudisha. Chupa hurudi kiwandani ndani ya kreti, huoshwa, hujazwa na kutoka tena. Lau chupa hiyohiyo ingevunjwa ili irejelezwe, vigae vyake vingelazimika kuingizwa katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi ili hatimaye ipatikane chupa inayofanana na ile iliyovunjwa. Hata hivyo urejelezaji haufai kudharauliwa. Kuyeyusha alumini chakavu huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuitoa alumini katika madini yake, kwa hiyo sufuria iliyotoboka kiasi cha kutozibika ina mahali pazuri pa kwenda. Plastiki haina bahati hiyo, kwa sababu ubora wake hushuka kadiri inavyoyeyushwa, na chupa ya maji mara nyingi huishia kuwa nyuzi za kitambaa au zulia ambazo ni vigumu kuzirejeleza tena.

Zipo kazi za mikono zinazokaa kwenye mpaka wa dhana hizi mbili. Akala, vile viatu vinavyokatwa kutoka kwenye gurudumu la gari, ni kutumia tena, kwa maana mpira haukuyeyushwa. Umekatwa kwa kisu, ukapigwa misumari, na ugumu uliotengenezwa ili ustahimili lami sasa unalinda unyayo. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaokunjua pipa la mafuta na kulifua liwe karai au jiko wamo katika kundi hilohilo, ingawa kelele za nyundo zao zinaweza kumfanya mpita njia adhani amefika kiwandani. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu na kushushwa majini mwaka 2018, ni mfano wa kukusanya taka za plastiki, kuziyeyusha na kuzifinyanga ziwe mbao, na huo ni urejelezaji, hata kama mbao zenyewe ziliunganishwa na mafundi wa majahazi kwa ustadi wao wa jadi.

Wanaopanga ngazi za utunzaji wa mazingira huweka kupunguza matumizi juu kabisa, kutumia tena chini yake, na urejelezaji chini ya hayo mawili. Sheria ya Kenya nayo imegusa ngazi hizo kwa njia tofauti. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 na yenye faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, ililenga kupunguza, ilhali Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, jambo ambalo bila hilo hakuna urejelezaji wa maana. Kutumia tena hakukuhitaji sheria. Baada ya mifuko ile kutoweka, kikapu kilirudi mikononi mwa watu, kikiwamo kile kinachosukwa kwa mikanda ya plastiki iliyokuwa imefungia maboksi ya bidhaa, ambacho hubeba viazi na vitunguu mwaka baada ya mwaka bila kukatika.

Ni lazima niseme hapa kwamba si kila kinachoitwa ubunifu wa kutumia tena kinastahili jina hilo. Kwa maoni yangu, swali la kuulizwa ni moja tu: kama kitu hiki kisingekuwapo, je, ningelazimika kununua kingine cha kufanya kazi hii? Chupa ishirini za plastiki zinazogundishwa kwa gundi, zikapakwa rangi ya dhahabu na kuitwa pambo la sebule ambalo halikuhitajiwa na mtu yeyote, zimeahirishiwa tu safari ya kwenda jalalani, na sasa zinakwenda huko zikiwa na gundi na rangi isiyoruhusu hata kurejelezwa. Lakini mkebe uliotobolewa matundu chini na kupandwa dhania kwenye veranda ya ghorofa ya tatu umeokoa pesa za chungu cha maua na safari ya kwenda kwa mama mboga kila jioni. Wangu una mnanaa. Hukatwa majani mawili matatu chai inapochemka, na sijaona pambo la sebule lililonipa raha ya namna hiyo.

Katika nyumba nyingi za Nairobi dhana hii hutekelezwa bila kutajwa. Leso huanza maisha yake ikiwa nguo ya kutokea, kisha hubebea mtoto, kisha hutandikwa, na ikishachakaa hukatwa kuwa matambara ya kupigia deki, na katika kila hatua ulaini wake unaoongezeka ndio unaoifaa kwa kazi inayofuata. Mtungi wa manjano wa lita 20, ambao aghalabu ulifika mjini ukiwa na mafuta ya kupikia, ndio chombo ambacho mitaa isiyo na maji ya mfereji ya kutegemewa huhifadhia na kuuziana maji, hata bei ya maji ikawa hutajwa kwa mtungi. Nguo za mitumba ni kutumia tena kwa kiwango cha biashara kubwa, na fundi wa cherehani anayekaa kibarazani, akipunguza suruali ya mtu mzima iwe kaptura ya mtoto wa shule, ni kiungo cha mwisho cha mnyororo huo.

Bustani ya gunia inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndani yake vitu vitatu vilivyomaliza kazi hukutana. Gunia lililokuwa na mchele au unga wa nafaka husimamishwa na kujazwa udongo uliochanganywa na samadi. Katikati yake huwekwa mkebe usio na kitako, hujazwa kokoto, udongo ukashindiliwa kuuzunguka, kisha mkebe huvutwa juu na kujazwa kokoto tena, hivyo hivyo hadi gunia lijae na mkebe utolewe. Kinachobaki ni nguzo ya kokoto kutoka juu hadi chini, ambayo maji yanayomwagwa hupitia na kusambaa hadi kwenye mizizi ya chini badala ya kulowesha tabaka la juu peke yake. Ubavuni hutobolewa matundu ya kupandikizia miche ya sukuma wiki, na juu hupandwa kitunguu au spinachi. Maji yaliyosuuzia mboga ndiyo hunyweshewa. Bustani za aina hii zilienea Kibera hasa baada ya mwaka 2008, na sababu ni wazi, kwani mahali ambapo mlango wa jirani uko hatua tatu kutoka kwako, shamba linaloweza kupatikana ni lile linalosimama wima.

Lugha yenyewe inatunza kumbukumbu ya jambo hili. Debe, neno lililotufikia kutoka Kihindi, ni bati la mafuta ya taa la lita 18 hivi, ambalo mafuta yalipokwisha liligeuka kuwa ndoo ya maji na kipimo cha nafaka. Halafu likapigwa kuita watu, na hadi leo anayewaita abiria kwenye kituo cha matatu ni mpiga debe, ilhali anayemfanyia mwanasiasa kampeni humpigia debe, na mwanasiasa mwenyewe hukutana na wapinzani wake debeni, yaani kwenye sanduku la kura. Kasuku nalo, jina la mafuta ya kupikia, limekuwa jina la ndoo yake ya plastiki, na muuza viazi akikwambia bei ya kasuku hakuna anayefikiria ndege.

Hapana budi kutaja mahali ambapo dhana hii hukoma, kwa sababu kuna vyombo ambavyo historia yake haioshwi. Mtungi uliokuwa na dawa ya kuulia wadudu, asidi ya betri au rangi haufai kuwekewa maji ya kunywa wala chakula hata ukioshwa mara kumi. Chombo cha dawa ya mimea husuuzwa mara tatu kisha hutobolewa makusudi, ili asije mtu akashawishika kukitumia. Ndoo nyembamba ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya bidhaa baridi isitiwe uji wa moto. Gurudumu lililowekwa uani kwa ajili ya maua litobolewe chini, la sivyo maji ya mvua yatatuama ndani na kuzalisha mbu. Gorogoro lenyewe lina hila zake, kwani wapo wauzaji wanaoligonga kitako kikaingia ndani ili lichukue mahindi machache, na ndiyo maana mnunuzi mzoefu huligeuza na kulitazama chini kabla halijajazwa. Kutu inapolitoboa hadi punje zikaanza kupenya, huingia kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu pamoja na mabati na vipuri, na hapo ndipo kazi ya urejelezaji inapoanza.