Propranololi kwa kichanga mwenye hemanjioma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hemanjioma ni lile doa jekundu linalojitokeza wiki za mwanzo baada ya mtoto kuzaliwa, kisha likavimba haraka. Nyingi hazihitaji dawa: hukua miezi michache, halafu hunywea zenyewe taratibu hadi mtoto anapofika miaka minne au mitano. Dawa huandikwa pale uvimbe unapoziba jicho, unapobana njia ya hewa, unapochimbika kidonda au unapotishia kuharibu sura. Dawa yenyewe ni propranololi, na nyumba nyingi zinaijua kama kidonge cha presha cha babu. Hapo maneno huanza.

“Itausimamisha moyo wa mtoto”

Ni kweli hupunguza kasi ya mapigo na kushusha presha, hasa kati ya saa moja na tatu baada ya kunywa. Lakini kwa mtoto mwenye moyo mzima badiliko hilo kwa kawaida ni dogo, wala halionyeshi dalili. Daktari husikiliza moyo kwanza, na dozi huanzia chini ikapandishwa polepole. Vichanga wadogo sana na njiti mara nyingi huanzishiwa wodini. Mwenye mapigo ya taratibu kupita kiasi hapewi.

Ajabu ni kwamba faida yake kwa hemanjioma ilijulikana kwa sababu ya moyo. Mjini Bordeaux, Ufaransa, mtoto aliyekuwa akitibiwa hemanjioma kwa steroidi alinenepa misuli ya moyo. Dk. Christine Léauté-Labrèze na wenzake wakampa propranololi kutibu moyo huo, na uvimbe ukaanza kunywea. Waliandika habari hiyo mwaka 2008.

“Mpe kabla hajanyonya, itafanya kazi haraka”

Hofu ingefaa ihamie hapa. Propranololi huzuia mwili kuachilia sukari ya akiba, na akiba ya kichanga ni ndogo. Akikaa na njaa muda mrefu, sukari inashuka. Baya zaidi, dawa hiyohiyo inaficha dalili: moyo haudundi mbio, mikono haitetemeki. Utaona jasho la baridi, kupauka, kulegea, kukataa titi, usingizi usio wa kawaida. Asiposaidiwa, degedege.

Na degedege kwetu lina maelezo yake tayari: malaria, au dege aliyepita juu ya nyumba. Mtoto anafukizwa huku sukari ikizidi kushuka. Anayetumia propranololi akipata degedege, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na neno la kwanza kwa mhudumu liwe kwamba anatumia dawa hii, apimwe sukari. Kama ndiyo kwanza ameanza kulegea na bado anameza vizuri, mpe titi au maji ya sukari mkiwa njiani.

Dozi hutolewa wakati wa kunyonya au mara tu baada ya hapo. Mtoto wa chini ya wiki 6 asipitishe saa 4 bila kunyonya. Hadi miezi 4, asipitishe saa 5. Baada ya hapo, saa 6 hadi 8. Kama amelala fofofo, mwamshe. Akitapika, akihara sana au akigoma kunyonya, dozi hiyo rukeni, wala msimfidie kwa kumpa mbili baadaye.

“Mililita ni zilezile, chupa tu ndiyo imebadilika”

Dawa ya maji huuzwa kwa nguvu tofauti. Chukua mtoto wa kilo 5 aliyeandikiwa miligramu 5 mara mbili kwa siku. Kwa chupa yenye miligramu 5 katika kila mililita 5, anapewa mililita 5. Kwa ile yenye miligramu 40 katika mililita 5, ni kama mililita 0.6 tu. Mama akiendelea na kipimo cha zamani, mtoto amekunywa mara nane. Soma lebo kila chupa mpya, pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na kijiko cha chai kibaki kwenye chai.

“Mikono imekuwa baridi, dawa imemdhuru”

Mikono na miguu ya baridi, usingizi wa kukatikakatika na kuhara kidogo ni vya kawaida. Mweleze daktari, lakini usiache dawa kwa hayo.

“Ni kikohozi tu, kitapita”

Hili mimi nisingelichukulia kirahisi. Dawa hii inaweza kubana mirija ya hewa, ndiyo maana mwenye pumu hapewi. Mtoto akianza kupiga miluzi kifuani au kuhema kwa shida, simamisha dozi na mwone daktari siku hiyohiyo.

“Matone ya kupaka hayaingii mwilini”

Timololi, dawa ya macho ambayo hupakwa hemanjioma ndogo na nyembamba, ni ya ukoo uleule, na hupenya ngozi. Hupenya zaidi penye kidonda, na kwa njiti huweza kupunguza mapigo ya moyo. Tone lililoagizwa lisiongezwe.

“Doa limesinyaa, tuache”

Matibabu kwa kawaida huchukua angalau miezi 6, mara nyingi hadi mtoto apite mwaka mmoja. Wakiacha mapema, uvimbe huweza kuanza kukua tena, na hapo jamaa husema dawa ndiyo imeuchochea. Daktari akiirudisha, mara nyingi unanywea upya.