Je, Wajua Kwa Nini Jeti ya Galland Haikuiokoa Ujerumani?

Mei 22, 1943, katika uwanja wa Lechfeld kusini mwa Ujerumani, jenerali wa miaka 31 alipanda ndege isiyo na pangaboi. Alikuwa Adolf Galland, msimamizi wa marubani wa ndege za kivita wa nchi hiyo. Aliposhuka alisema ni kana kwamba malaika alikuwa akiisukuma. Tangu siku hiyo akawa mpiga debe wa jeti hiyo, Messerschmitt Me 262.

Wala hakukosea. Ilikwenda kama kilomita 870 kwa saa, wakati Mustang, ndege ya kivita ya pangaboi ya Wamarekani, ilikomea karibu 700. Puani ilikuwa na mizinga minne ya milimita 30, na mapigo machache tu yalitosha kuliangusha dege la mabomu. Sasa ilikwama wapi?

Jibu lililozoeleka, ambalo Galland mwenyewe alilishikilia, ni Hitler. Novemba 1943 alionyeshwa ndege hiyo, akauliza kama inabeba mabomu, kisha akang'ang'ania iwe ya mabomu. Ni kweli, lakini naona lawama hiyo imeifichia injini madhambi yake.

Injini hiyo, Jumo 004, ilitaka vyuma vya kustahimili moto mkali, vyenye nikeli na kromi. Ujerumani ilikuwa imebanwa na vita, haina. Mafundi wakatumia chuma cha kawaida, wakakipaka alumini kisiliwe na moto. Injini ikawa inadumu saa 10 hadi 25, basi. Na toleo la kutengenezwa kwa wingi lilikuwa tayari katikati ya 1944 tu. Hata Hitler angenyamaza, ndege zingekaa zikisubiri injini.

Kuiwasha nako kulikuwa kichekesho. Katika pua ya kila injini kulikuwa na kiinjini cha petroli. Umeme ukigoma, fundi anavuta kamba kama mwenye duka anayehangaika na jenereta. Angani, rubani aliongeza mafuta polepole, maana akiharakisha injini inazimika au inashika moto. Kwa hiyo wakati wa kutua, ndege hii ya ajabu haikuweza kuchomoka ghafla, na adui aliyelijua hilo alikuwa akiivizia karibu na viwanja.

Januari 1945, baada ya kukorofishana na Göring, mkuu wa jeshi la anga, Galland alivuliwa wadhifa. Akaachiwa kikosi kidogo cha jeti, JV 44. Huko Munich jeti hizo zililindwa zikipaa na kutua na ndege za pangaboi, zilizopakwa rangi nyekundu tumboni na mistari myeupe ili wapiga mizinga wa chini wasizitungue kwa makosa. Yaani ndege yenye mbio kuliko zote ilisindikizwa nyumbani na zile zile ilizokuja kuzistaafisha!

Aprili 26 Galland alikuwa akishambulia ndege za mabomu za Marekani, Thunderbolt, ndege ya kivita ya Wamarekani, ikamfumania. Akiwa na jeraha gotini alijikongoja hadi uwanja wa Riem, akaukuta nao unashambuliwa. Akatua hivyo hivyo, akatoka mbio kujificha.