Cheo cha kitaaluma na jina la mtu

Cheo cha kitaaluma ni neno kama profesa au daktari, linalomtambulisha mtu kwa kiwango cha elimu yake au nafasi yake chuoni. Likisimama peke yake ni nomino ya kawaida: "Nilimwona profesa ukumbini." Likitangulia jina bila kitu katikati, linaungana na jina hilo na kuwa sehemu yake: "Nilimwona Profesa Gurnah." Hapo ndipo herufi kubwa inapostahili.

Ukiwa na shaka, chomeka neno "wetu" katikati. "Profesa wetu, Abdulrazak Gurnah, amefika." Muungano umevunjika, mkato umeingia, na kama neno hilo halianzi sentensi, linarudi kwenye herufi ndogo. Ndivyo ilivyo pia cheo kikifuata jina: "Abdulrazak Gurnah, profesa wa fasihi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021." Hayo sasa ni maelezo tu. Naona watu wengi wakiandika "Profesa" kwa herufi kubwa kila mahali wakidhani ni heshima, lakini heshima haipungui kwa kufuata kanuni.

Upatanisho nao una jambo la kupendeza. Wingi wa profesa ni maprofesa, kama tunda na matunda, lakini hatusemi "profesa limefika". Huyu ni mtu, kwa hiyo anafuata ngeli ya A-WA: profesa amefika, maprofesa wamefika. Wakiwa wawili, cheo kimoja cha wingi kinatosha: "Maprofesa Mazrui na Gurnah walifundisha ng'ambo."

Vifupisho Prof. na Dkt. huwekewa nukta. Wajerumani hutanguliza vyote viwili, Prof. Dr.; kwa Kiswahili, kile cha juu kinatosha. Na aliyekwisha kuandikwa Dkt. mbele hahitaji tena PhD nyuma, maana ni shahada ileile imetajwa mara mbili.

Penye mtego hasa ni neno daktari, kwa sababu ni la mganga wa hospitali na pia la mwenye shahada ya uzamivu. Wangari Maathai alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, katika anatomia ya wanyama. Kabla hajawa profesa, kumwandika "Dkt. Maathai" kulikuwa sahihi kabisa. Lakini ukiandika "Maathai alikuwa daktari", msomaji atamwona amevaa koti jeupe wodini.