Gurudumu la kudumu si lazima liwe la bei: ringi, spoki na yanayosemwa juu yake

Spoki ya tatu ya baiskeli yangu ilikatika nikiwa naondoka kwenye taa za barabarani. Sikuingia shimoni wala kuparamia ukingo wa barabara. Nilikanyaga pedali, nikasikia "teng!", na kuanzia hapo ringi ikawa inasugua breki kila mzunguko hadi nyumbani. Tatu ndani ya miezi miwili, zote za gurudumu la nyuma, zote upande wa kushoto ambako hata mnyororo haupo. Kila niliyemweleza alikuwa na tiba yake, na karibu zote zilikuwa za kunitoa pesa bure. Nyingine bado nazisikia hadi leo.

"Spoki zinakatika? Weka nene zaidi."

Hii ndiyo iliyonipotosha mimi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Spoki ya kawaida ya milimita 2, ukiivuta taratibu mpaka ikatike, itahimili zaidi ya kilo 200. Hakuna safari ya kwenda kazini inayoipa spoki moja mzigo huo. Haikatiki kwa kuzidiwa. Inakatika kwa kuchoka, kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka unaachia.

Inachoshwa na nini? Kila spoki inapopita chini, kati ya habu (kitovu cha gurudumu) na barabara, inalegea kidogo, kisha ikipanda inakaza tena. Gurudumu la inchi 28 huzunguka mara 450 hivi kwa kilomita. Anayeendesha kilomita 10 kwa siku, kwenda na kurudi, siku 250 za kazi, anailegeza na kuikaza kila spoki zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka. Iliyokazwa sawasawa hulegea kidogo tu na kubaki imevutika. Iliyokazwa nusunusu hupoteza mvuto wote, ikacheza kwenye tundu la habu na kujikunja palepale penye kona yake. Zangu zote zilikatikia hapo.

Na kwa nini kushoto? Gia za nyuma zinakula nafasi upande wa kulia. Ili ringi ikae katikati ya fremu, spoki za kulia zinavutwa sana na za kushoto zinapata pungufu, wakati mwingine karibu nusu tu. Sasa fundi akiwa na haraka akaziacha za kulia zikiwa legelege, za kushoto zinabaki kama kamba ya kuanikia nguo.

Kwa hiyo spoki nene haikutibu kitu. Inanyumbuka kidogo kuliko nyembamba, na ikilegea hata kiduchu imeshapoteza mvuto. Zinazodumu zaidi ni zile zenye milimita 2 kwenye ncha na 1.8 katikati. Watu wanaziogopa kwa wembamba wake, na kumbe ule wembamba ndio unaonyumbuka na kuiondolea kona mateso.

"Seti ya bei kali ndiyo inayodumu."

Bei kali mara nyingi inanunua wepesi na kukata upepo, mambo ya mashindano. Na njia moja ya kupata wepesi ni kupunguza spoki, ziwe 20 au 24. Kwenye gurudumu la spoki 20, moja ikikatika ringi inaweza kuyumba hadi ikaigusa fremu, na safari ukaimalizia kwa kusukuma. Kwenye la spoki 36 unalegeza breki kidogo na kujivuta taratibu mpaka kwa fundi. Kwa mjini mimi nachagua 32 mbele na 36 nyuma. Kama unabeba mizigo au mtoto nyuma, kwenye hiyo 36 usikubali kupunguziwa. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo pesa ikiwa ndogo iweke huko. La mbele la kawaida litakutosha.

Utaambiwa pia kwamba "uzito unaozunguka unahesabika mara mbili." Kuna ukweli hapo: gramu iliyo kwenye ringi, unapoongeza mwendo, inakaribia kuwa kama gramu mbili. Sasa piga hesabu. Ringi zako zikiwa nyepesi kwa gramu 200 kwa jumla, umeokoa kama gramu 400. Wewe, baiskeli na begi mna kilo 90. Hata nusu ya asilimia moja haifiki. Ukiiacha nyumbani chupa ya maji ya nusu lita umeokoa zaidi, tena bila kulipa.

"Ringi ya chuma ni imara kuliko ya alumini."

Hapana. Inashika kutu, ni nzito, na breki zikibana chuma chenye maji unateleza mita kadhaa kabla hazijashika. Tafuta alumini ya kuta mbili. Kuitambua ni rahisi: vua tairi, inua ule utepe unaofunika matundu. Ukikuta vichwa vya nati za spoki viko palepale juu, ni ukuta mmoja. Ukikuta vimezama ndani ya matundu, ni kuta mbili. Ukishamaliza kuchungulia, rudisha utepe vizuri, maana ukikaa upande tyubu inatobolewa kwa ndani na utalilaumu tairi bure.

"Inchi 26 ni inchi 26."

Laiti ingekuwa hivyo. Kuna 26 ya baiskeli za milimani, ambayo ringi yake pale tairi linapokaa ina kipenyo cha milimita 559, na kuna 26 nyingine ya baiskeli za zamani yenye 590. Hazivishani matairi hata kwa kulazimisha. Kwenye 28 ni vilevile: ipo 622 na ipo 635. Halafu 29 na 700C, majina yanayosikika kama vitu viwili tofauti, zote ni 622. Achana na inchi. Soma namba ndogo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 37-622: ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi, zote kwa milimita. Hiyo ya pili haidanganyi. Pima pia nafasi kati ya miguu ya fremu, pale habu inapoingia. Mbele kwa kawaida ni milimita 100, nyuma mara nyingi 130 au 135.

"Beringi zilizofungwa ndizo bora, za gololi zimepitwa."

Zote zinadumu zikitunzwa. Za gololi zinafunguliwa kwa spana, zinasafishwa, zinatiwa grisi na kurudi kazini, lakini ukizipuuza zinachimba koni, yaani vile vipande gololi zinavyozungukia. Zilizofungwa hazikudai kitu mpaka siku zinapokwisha, na hapo unabadilisha beringi nzima. Mimi sigombani na yeyote kwa hili.

Ninachogombana nacho ni ekseli. Kama gia za nyuma ni 6 au 7 na ni za friwili, yaani fungu zima linazungushwa kwenye habu kama kifuniko cha chupa, beringi ya kulia inabaki ndani, mbali na fremu. Kipande cha ekseli kinakaa kinaning'inia bila msaada, na mashimo ya barabarani yanakipinda au kukikata. Habu ya kaseti, ambayo gia zake zinachomekwa juu yake badala ya kuzungushwa kama kifuniko, imeisogeza beringi hiyo nje, karibu na fremu. Tofauti hii ina thamani kuliko maneno yote yaliyoandikwa kwenye boksi. Baiskeli ya gia moja haihusiki sana, friwili yake ni nyembamba.

"Gurudumu jipya halihitaji kuguswa."

Hapa ndipo pesa yako inapolindwa au kupotea. Magurudumu mengi ya bei nafuu yanafungwa kwa mashine, na mashine inanyoosha ringi vizuri huku spoki zikiwa bado legelege. Yakizunguka dukani yanapendeza. Kwa hiyo yasikilize. Piga spoki kwa ukucha moja baada ya nyingine, upande mmoja kwanza. Zote za upande huo zitoe sauti inayokaribiana. Ukikuta moja inalia "ting" na jirani yake "dub", gurudumu hilo limenyooka kwa bahati tu. Kisha shika spoki mbili zinazokwenda sambamba uzibane kwa nguvu ya kiganja, uzunguke gurudumu zima hivyo hivyo. Zitalia na kujikalisha kwenye matundu yake. Mpe fundi azikaze na kuisawazisha ringi, halafu urudi kwake baada ya wiki chache za kuendesha. Malipo ya fundi huyo yaweke kwenye bajeti tangu mwanzo, kama sehemu ya bei ya gurudumu.

Tairi nalo lina mchango. Lililojazwa upepo hadi liwe jiwe halilindi ringi, linapitisha kila kishindo. Weka pana kadiri fremu inavyoruhusu, milimita 37 hadi 47 kama linaingia, na upepo wa wastani.

Jambo la mwisho ni la wenye breki zinazobana ringi: ringi inaliwa, hasa mvua inapochanganyika na mchanga. Weka rula wima kwenye ubavu breki zinapobana. Ukiona mwanga katikati, ukuta umebonyea. Ukuta ukibonyea sana, siku moja upepo wa tairi utaupasua. Kubadilisha hakumaanishi kununua seti nzima. Kama habu ni nzima na spoki hazijaanza kukatikakatika, fundi anaifunga ringi mpya ya ukubwa uleule ubavuni mwa ile ya zamani kwa utepe, anazihamisha spoki moja moja, kisha anakaza. Zangu zilikuwa zimeshachoka, kwa hiyo alizing'oa zote 36 akaweka mpya. Habu ni ileile.